Hita ya ndoo inachelewesha maji? Tafuta omu na wati zake kwa volti na ampea

Julai hapa Dodoma upepo wa asubuhi haucheki na mtu, na fundi umeme huitwa kwa shida moja tu: maji ya kuoga. Jirani yangu wa Nkuhungu alinipigia. "Fundi, hita imechoka. Ndoo moja karibu nusu saa, na waya wenyewe unapata moto." Mimi nikashika nusu ya kwanza ya maneno yake, ile ya pili ikanipita, ndiyo maana nilitoka kwake giza limeshaingia. Naandika kwa ajili ya kijana anayeanza kushika mita.

Hesabu ni mbili:

Ukinzani (omu) = volti ÷ ampea
Nguvu (wati) = volti × ampea

Ile ya kwanza inatoka kwa Mjerumani Georg Ohm, aliyeichapisha mwaka 1827.

Hatua ya 1: Soma maandishi ya kifaa

Hita yake imeandikwa 240V 1500W. Kwa hiyo ampea zinazotakiwa ni 1500 ÷ 240 = 6.25, na ukinzani ni 240 ÷ 6.25 = omu 38.4. Andika pembeni. Umeme wetu ni wa volti 230, basi usizidai wati 1500 zote.

Hatua ya 2: Pima ampea

Tumia klempu mita, ile yenye taya za kuzungushia waya bila kuukata. Najua multimita ya bei poa nayo ina tundu la ampea 10, lakini ili uitumie lazima ukate njia ya umeme na kuipitisha ndani ya mita. Kisha ukisahau waya mwekundu kwenye tundu hilo na kwenda kupima volti kwenye soketi, umepiga shoti kwa mkono wako mwenyewe. Nimeona mita ikifa hivyo, na mwenyewe akapona kwa bahati.

Klempu inazungushwa kwenye waya mmoja. Ukiibana kamba nzima itakusomea sifuri, kwa sababu mkondo unaokwenda na unaorudi unafutana. Mimi natembea na kipande cha ekstensheni nilichokichana ganda la nje tu, nyaya tatu zikaachana, kila mmoja ukiwa na ganda lake. Hita iwe ndani ya maji kabla ya kuwasha, na mkono wako usiguse ndoo. Nikapata ampea 5.3.

Hatua ya 3: Pima volti, hita ikiwa inawaka

Hapa ndipo jioni yangu ilipopotelea.

Nilishapima volti mapema, kwenye soketi ya sebuleni, hita ikiwa haijawashwa: 228. Nikagawa kwa 5.3, nikapata omu 43. Natakiwa kuwa na 38.4, nina 43, nikasema koili imeliwa. Nikaenda Majengo kununua hita nyingine ya aina ileile. Nikaifunga, ampea zilezile. Nikaanza kuwalaumu wenye maduka.

Kumbe hita inachomekwa kwenye chumba cha uani, kwa waya uliovutwa kutoka sebuleni kama mita 25, waya mwembamba wa aluminiamu uliopakwa shaba juu. Nilipoukanyaga pekupeku ndipo nikakumbuka maneno ya jirani: ulikuwa na joto. Nikapima upya kwenye tundu la pili la ekstensheni ileile, hita ikiwa inawaka. Volti 212.

Volti 16 zimeliwa njiani. Ampea zinazopita kwenye waya ni zilezile 5.3, basi waya wenyewe unakula 16 × 5.3, karibu wati 85. Ni kama balbu kubwa ya zamani imelazwa sakafuni chini ya zulia.

Kwa hiyo volti na ampea zipimwe mahali pamoja na kwa wakati mmoja. Volti za soketi isiyo na mzigo, yaani isiyochomekwa kifaa kinachowaka, hazikuambii kitu, maana pasipo mkondo waya mbovu nao unaonekana mzima. Na usiseme "volti 212 si mbaya". Kwenye hita, volti zikishuka, ampea nazo zinashuka, kwa hiyo wati zinaumia pande zote mbili. Kutoka 240 hadi 212 ni upungufu wa karibu asilimia 12, lakini wati zinapungua asilimia 22.

Hatua ya 4: Kokotoa

212 ÷ 5.3 = omu 40, karibu na zile 38.4. Hita ni nzima.
212 × 5.3 = wati 1,124 hivi.

Ukitaka kuhakikisha omu kwa mita, chomoa hita kwanza kabisa. Kwa hita majibu yatakaribiana. Kwa balbu ya zamani ya waya usijaribu: ya wati 60 ikiwa inawaka ina omu kama 880, ikiwa baridi haifiki hata mia. Wenye pampu za kumwagilia zabibu huko Hombolo nao hesabu hii isiwadanganye. Kwenye mota, volti mara ampea inazidi wati halisi.

Jirani alikuwa na faraja yake: "Si afadhali, ikichelewa inakula uniti kidogo?" Hapana, dada. Ndoo ya lita 20 kutoka nyuzi 18 hadi 40 inataka nusu uniti na ushee, ije haraka au taratibu. Uniti zinazoliwa na waya unazilipa juu ya hizo.

Tukavuta kebo ya shaba ya milimita za mraba 2.5. Volti 224, ampea 5.6, omu 40 zilezile, wati 1,254. Kwa hesabu, ndoo imetoka dakika 27 hadi 24 na nusu. Dada aliona ni kidogo kwa bei ya kebo. Nikamwambia aushike waya mpya, asikie kama una joto.