Gari lililofutwa na bima Uingereza: jinsi ya kulirudisha barabarani kihalali

Ndugu mlioko Uingereza, gari likifutwa na bima (yaani kampuni imeona halitengenezeki au kulitengeneza hakulipi) si lazima liishie kwenye vyuma chakavu. Soma kwanza herufi ya kundi ambalo bima imeliweka. A husagwa lote. B hutolewa spea, bodi ikasagwa. Hizo usiziguse hata muuzaji akikuapia. Yanayoruhusiwa kurudi ni S, lililoumia chesisi au nguzo za bodi, na N, ambalo huko halikuguswa. Herufi S na N zilianza Oktoba 2017. Ya zamani utakuta C au D.

Hatua ya 1: karatasi. Ukinunua tena gari lako la S kutoka kwa bima, wape logbuku (V5C) yote, kisha omba nyingine DVLA (ofisi ya usajili wa magari) kwa fomu V62, bure. Itakuja imeandikwa kundi lake. La N, logbuku unabaki nayo.

Hatua ya 2: tangaza SORN (taarifa kwa DVLA kwamba gari haliko barabarani), ulilaze uani kwako, si mtaani.

Hatua ya 3 ndiyo yenye roho za watu, tusibane pesa. La S lipeleke kwa fundi mwenye mashine ya kunyoosha na kupima chesisi, jicho halitoshi. Apige picha sehemu alizochomelea kabla hajapaka rangi. Funga milango uangalie mwanya: uwe sawa juu hadi chini. Mikanda iliyofyatuka kwenye ajali ibadilishwe pamoja na mifuko ya hewa. Ukiwasha switchi, taa ya mifuko hiyo iwake kisha izime. Isipowaka kabisa, shuku kwamba kuna mtu ameikata kuficha hitilafu.

Hatua ya 4: bima, ukiwatajia herufi waziwazi (wengine watakataa, tafuta mwingine), kisha MOT (ukaguzi wa kila mwaka wa usalama wa gari), kisha kodi ya gari. Likiwa SORN, ruhusa ni kwenda kwenye ukaguzi uliopangwa tu.

Maswali

*Kaka, MOT yangu haijaisha. Nirudie?*
Sheria haikulazimishi, lakini rudia. Na ujue mkaguzi hafungui plastiki za ndani, kwa hiyo MOT haithibitishi kazi ya fundi.

*Alama ya S hufutika likitengenezwa vizuri?*
Haifutiki. Ukiuza, mwonyeshe mnunuzi picha na risiti.

*Naweza kulipeleka Mombasa?*
Angalia umri kwanza: Kenya haipokei gari lililozidi miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza, na lazima lipite ukaguzi wa viwango vya KEBS (shirika la viwango la Kenya) kabla ya kupakiwa melini.