Kulinda Macho Wakati wa Kuvuna Mpunga na Kupulizia Viuatilifu

Kwa mkulima wa mpunga wa Kilombero au Mbarali, hatari ya macho ninayoiona ikidharauliwa mno ni jani au punje inayokwaruza kioo cha jicho (sehemu angavu ya mbele ya jicho) wakati wa kuvuna na kupura. Mkwaruzo huo mdogo huweza kuingiza fangasi, na baada ya siku kadhaa jicho huwa jekundu, huuma, huumizwa na mwanga na kuonyesha doa jeupe. Kidonda hicho kisipotibiwa mapema huacha kovu linaloziba uoni. Kwa hiyo vaa miwani ya kinga inayofunika hadi pembeni, hasa unapopura na kupepeta.

Ukiumia, usifikiche jicho, usitie maziwa wala maji ya majani, na usinunue dukani matone yenye steroidi (dawa ya kutuliza uvimbe na wekundu) bila kuandikiwa, kwa sababu steroidi hudhoofisha kinga ya jicho na fangasi hustawi. Nenda kituo cha afya siku hiyohiyo, ueleze kwamba ulichomwa na mmea, maana maelezo hayo humsaidia mtabibu kuchagua dawa.

Unapopulizia viuatilifu, upepo ukupige mgongoni, na ndoo ya maji safi iwe karibu. Dawa ikirukia jichoni, fungua kope na umwagie maji mfululizo kwa dakika 15 au zaidi kabla ya kwenda hospitali, ukibeba lebo ya dawa hiyo.

Kofia ya ukingo mpana nayo hupunguza jua, ambalo pamoja na vumbi huchangia kinyama kinachoota juu ya weupe wa jicho.