Jaribu feni za kompyuta kwa kipande cha tishu

Jana nimegundua feni yangu ya nyuma ilifungwa kinyume, ikashindana na za mbele. Washa kompyuta ya mezani, sogeza kipande cha tishu karibu na kila feni (kisiguse mapanga!). Mbele kinapaswa kunata, nyuma na juu kipeperuke. Kama kompyuta imezimwa, angalia fremu ya feni: hewa hutoka kupitia upande wenye mikono inayoshika mota. Hewa baridi ikiingia mbele, hupita kwenye kadi ya michoro na prosesa, ikatoka na joto. Feni zinazovuta hewa ndani zikizidi kidogo zinazoitoa, vumbi haliingii ovyo kwenye nyufa. Ila chujio la mbele likiziba, au keisi (kasha la kompyuta) ikibanwa ukutani, hata feni sita hazitasaidia.