Magofu ya Roma: anza na kilima, kisha ushuke

Tiketi ya kawaida ya Colosseo, ule uwanja wa kale wa mapambano, inakuingiza pia Foro Romano, kitovu cha mji wa kale, na kilima cha Palatino, ila upande huo unaingia mara moja tu. Ukishatoka getini, hurudi. Wengi hutoka mchana kutafuta chakula, na ziara yao inaishia hapo. Kula kwanza.

Tumia geti la Via di San Gregorio, ambako foleni mara nyingi ni fupi, kisha ukwee Palatino miguu ikiwa bado ina nguvu. Huko juu kuna miti; Foro ni uwanda wa jua kali. Kabla ya kushuka, simama kwenye roshani ya bustani za Farnese usome mpangilio wote: tao la Titus kuliani, la Septimius Severus kushotoni, Via Sacra, barabara kuu ya kale, katikati. Hatua hii usiiruke kabisa, kwani bila hiyo utafika chini uone nguzo na vifusi tu.

Mawe meusi ya Via Sacra yamelika yakawa mviringo, na mapengo yake yanameza kisigino. Vaa soli ya mpira, usivae ndala. Beba chupa tupu ya plastiki ujaze kwenye mabomba ya bure. Ya kioo haipiti ukaguzi. Jina kwenye tiketi ya Colosseo lifanane na pasipoti, na saa uliyochagua uiheshimu.

Huna hela ya kiingilio? Nyuma ya uwanja wa Piazza del Campidoglio unaliona Foro lote bure.