Muda haupotei angani

Kazi yangu ni kutengeneza lifti. Lifti ikigoma leo, kesho niko ndegeni. Zamani nilikuwa nakata tiketi ya bei ya chini kuliko zote na kujiona mjanja. Siku moja nikakata mbili, za kampuni mbili tofauti, badala ya moja ya kuunganisha. Ndege ya kwanza ikachelewa dakika 40. Nikasimama kwenye mkanda wa mizigo, sanduku jekundu la mtu mwingine likinipita mara ya sita, langu halionekani, na huko juu ya pili wanafunga mlango. Tiketi mpya nililipa mwenyewe.

Sasa sitoi hela kabla ya kushika kalamu. Andika saa ya kutoka mlangoni kwako na saa ya kufika mlangoni unakokwenda. Ndege ya dakika 90, ukijumlisha njia ya uwanjani, foleni, kusubiri na mizigo, inaweza kukumalizia saa sita. Treni inayotumia saa tano na kukushusha katikati ya mji imeshaishinda. Kisha chukua tofauti ya bei, igawe kwa saa unazookoa. Ikiwa saa moja inakugharimu pungufu ya unacholipwa kwa saa moja ya kazi, lipa.

Ukilazimika kuunganisha, safari yote iwe kwenye tiketi moja. Ndege ya kwanza ikikuchelewesha, ni juu ya kampuni kukutafutia nyingine. Mzigo nao uulizie kaunta: kwa kawaida unafika hadi mwisho, ila kuna nchi zinakutaka uuchukue pale unapoingilia.

Chagua ndege ya alfajiri. Najua, usingizi ni mtamu. Lakini ndege hiyo mara nyingi imelala hapohapo uwanjani. Ya jioni inakuja na uchelewaji wa kutwa nzima.

Jiandikishe mtandaoni mapema, kampuni nyingi hufungua saa 24 au 48 kabla, na pasi ya kupandia ipige picha ya skrini. Intaneti hupenda kukatika ukishafika getini.

Begi la mkononi lipange kwa ajili ya mkaguzi. Juu kabisa, vimiminika kwenye mfuko mmoja unaoonyesha, kila chupa isizidi mililita 100. Viwanja kadhaa vyenye mashine mpya vimelegeza sheria hiyo ya tangu 2006, lakini wewe ifuate tu, maana uwanja wa kurudia huenda haujalegeza. Chini yake kompyuta. Funguo, sarafu na mkanda wa suruali navitia mfuko wa koti wenye zipu kabla sijaingia foleni, kisha koti zima naliweka kwenye trei. Pawabanki ibaki mkononi, hairuhusiwi kwenye sanduku la kupakia.

Kinachonirudisha kwenye mkanda wa mizigo siku hizi ni bisibisi zangu ndefu tu. Nazo nikipata taarifa mapema, nazitanguliza kwa kifurushi siku mbili kabla.