Pini ikigoma, angalia springi kwanza

Wenzangu mnaojifunza ufundi wa kufuli hapa Kisumu, ile kufuli ya bei rahisi ya mazoezi ikianza kukwama, tafadhali msiitie mafuta ya kupikia. Mafuta hunasa vumbi, na vumbi la soko la Kibuye mnalijua. Ndani hugeuka uji mweusi.

Sukuma kila pini (vile vijiti vidogo ndani ya kufuli vinavyosukumwa na springi) taratibu kwa ncha ya waya. Ikirudi yenyewe, ni nzima. Ikibaki pale ulipoisukuma, ina uchafu au springi yake imepinda.

Jana nilifungua yangu juu ya taulo (springi ikirukia sakafuni hutaiona tena) na kukuta springi ya tatu imelala ubavuni mwa pini. Niliinyoosha kwa kibano, lakini haikudumu hata hadi jioni. Springi iliyopinda ni ya kubadilisha tu. Toa nyingine kwenye kufuli iliyokufa, mradi unene na urefu vilingane.

Halafu rudisha kila pini kwenye tundu lake. Zile zinazogusa ufunguo hutofautiana urefu. Ukizichanganya, ufunguo utaingia lakini hautazunguka.

Kulainisha, kwangua risasi ya penseli, paka ufunguo ule unga, uingize na kuutoa mara kadhaa.