Kuagiza zeliji kwa nyumba ya Mji Mkongwe

Kazi yangu ni kupamba nyumba kwa ndani, na nyingi ninazozishika ni nyumba za wageni hapa Unguja mjini. Mteja ananionyesha picha ya bafu la Marrakech kwenye simu: "Dada, nataka hivi hivi." Haya. Hiyo ni zeliji, vigae vidogo vya udongo vinavyong'aa. Lakini zeliji si taili ya kiwandani, ambayo ukitaja jina na namba ya rangi umemaliza. Inatengenezwa Fes, Moroko, kwa udongo uliokaushwa juani, ukachongwa, ukapakwa glezi (rangi inayogeuka ngozi ya kioo motoni) na kuchomwa, na kila hatua inapita mikononi mwa mtu. Huvipati vigae viwili vilivyolingana. Basi unachoandika kwenye oda ni mipaka ya tofauti utakayoikubali. Usipoiandika, ataiamua mteja mwenyewe siku ya kukabidhiwa, na hapo ndipo kelele zinapoanza.

Anza na sampuli. Kigae kimoja kwenye bahasha hakikwambii kitu. Omba vya kutosha nusu mita ya mraba, kutoka uchomaji wa karibuni, uvipange kwenye ubao na kuusimamisha ndani ya chumba chenyewe. Uangalie asubuhi, kisha usiku taa zikiwaka. Taa ya dari iliyo karibu na ukuta inatoa kivuli chini ya kila kigae kilichochomoza, na mteja akione leo kabla hajalipa. Halafu mimi huchagua vitatu: kilichopauka kuliko vyote, cha katikati, na kilichokoza kuliko vyote. Naviandika A, B na C kwa nyuma, navipiga picha, mteja anaitia saini.

Kwenye oda naweka maneno kama haya: "Kigae cha udongo, kimetengenezwa kwa mkono, sm 10 kwa 10, unene mm 10 hadi 14. Ubavu uruhusiwe kutofautiana hadi mm 2. Rangi iwe kati ya sampuli A na C. Nyufa nyembamba za glezi, vitundu na kingo zilizomeguka kidogo zinakubalika; kilichovunjika kona au kupasuka hadi nyuma hakikubaliki. Mzigo wote utoke oda moja." Sentensi ya mwisho usiisahau, maana kijani cha mwezi huu na cha miezi mitatu baadaye ni vijani viwili.

Sasa ukuta, na hapa nitakaa kidogo. Nyumba zetu za zamani zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Unyevu unapanda kutoka ardhini ukiwa umebeba chumvi, na ukuta unautoa kwa kupumua. Zeliji ni udongo unaonyonya maji. Katika mgawanyo wa ISO 13006, kiwango cha kimataifa cha vigae, udongo wa aina hii kwa kawaida huangukia kundi linalonyonya zaidi ya 10%, wakati kaure haizidi 0.5%. Ukiibandika moja kwa moja kwenye ukuta wa chini, maji yanaingia kwa nyuma, glezi inayazuia yasitoke mbele, chumvi inaganda katikati na kuibandua glezi vipande vipande kama ganda la kitunguu. Mabakuli ya Kichina yaliyopachikwa kwenye makaburi ya kale ya Kunduchi ni kaure, tusiyafanye kipimo. Katalogi za Ulaya zinahangaika na barafu. Sisi adui yetu ni chumvi.

Kwa hiyo ghorofa ya chini naagiza fremu iliyoachana na ukuta, nafasi ya hewa nyuma yake iwe wazi chini na juu, na mbao za saruji za kubandikia. Kiunzi kiwe imara: mita moja ya mraba ya zeliji ina uzito wa kilo 20 na ushei kabla ya gundi. Gundi iwe daraja la C2 S1, yaani inayoshika na kunyumbuka kidogo. Ghorofani, palipo pakavu, mambo ni mepesi. Na kabla ya kugusa chochote, kibali cha Mamlaka ya Mji Mkongwe kiwe mkononi.

Fundi aliyezoea taili za kiwandani atatoa spesa za mm 3, vile vitenganishi vya kuachanisha vigae. Mwambie, "Fundi, hizo leo zipumzike." Zeliji hupangwa ubavu kwa ubavu, mwanya ukiwa mm 1 au 2, na grauti (kijazio cha mianya) laini ya rangi iliyo karibu na udongo. Kabla ya kubandika, afungue maboksi yote, amwage vigae mkekani na kuvichanganya. Akimaliza boksi moja ndipo aingie jingine, ukuta utatoka mabaka. Vigae alowanishe kwanza, visiinyonye gundi mapema. Mita moja ya mraba inakula vigae 100. Ongeza 15% ikiwa kuna kona, soketi na madirisha. Ukuta wa mita 8 za mraba, pamoja na nyongeza hiyo, ni vigae 920. Vitakavyobaki mteja aviweke, atavihitaji bomba likipasuka.

Sakafu ya bafu usiiweke zeliji inayong'aa. Tafuta kigae kisicho na glezi, udai matokeo ya kipimo cha utelezi kikiwa kimelowa: kwa kipimo cha pendulumu, 36 au zaidi (namba ikipanda, utelezi unapungua).

Jikoni kuna jambo watu hulipita. Glezi nyingi za kienyeji za Moroko zilitengenezwa kwa madini ya risasi. Kwa ukuta wa nyuma ya jiko sina wasiwasi sana, lakini kwa meza inayokatiwa ndimu na nyanya, dai majibu ya kipimo cha ISO 10545-15, kinachoonyesha risasi na kadimiamu, metali zenye sumu, zinazotoka kwenye glezi. Muuzaji akizungukazunguka, meza iwe ya jiwe. Na grauti iliyogandia juu isafishwe kwa maji na kitambaa siku ile ile. Fundi akija na asidi, mrudishe nayo.